Ukuta wa Zege Katikati ya Barabara: Dawa ya Ugonjwa Upi?

Barabara ya Morogoro ni barabara moja yenye tabia mbili. Kati ya Kibaha na Kimara imepanuliwa kuwa ya njia 8 kwa urefu wa kilomita 19.2, na malori na mabasi yatokayo bara huishuka kwa kasi. Ikishapita Ubungo, Magomeni na bonde la Jangwani, hufika kwenye makutano ya Fire, na hapo hugeuka kuwa barabara ya mjini. Mkono wa kulia ni Mtaa wa Msimbazi uingiao Kariakoo. Mkono wa kushoto ni Barabara ya Umoja wa Mataifa iendayo Upanga, iliko Hospitali ya Taifa ya Muhimbili pamoja na Taasisi ya Mifupa, MOI. Lori la shehena, basi la mwendokasi, bodaboda, guta la mizigo na mama aliyejitwika kapu la nyanya, wote hukutana hapo.

Msafiri aliyetembea nchi za mbali, au aliyeziona barabara zake katika picha, huuliza swali ambalo ni la haki. Katika barabara kubwa za kasi, hasa za Uingereza na Marekani, katikati hujengwa ukuta mnene wa zege usiotikisika. Kwa nini isiwe chuma, ambacho hupinda na kupokea kishindo? Je, kugonga zege si sawa na kugonga mwamba? Na kama ukuta huo ni mzuri, mbona haujengwi kuanzia Kimara hadi Kivukoni?

Maswali hayo huonekana kuwa ya wahandisi peke yao, lakini majibu yake yamo pia katika elimu ya tiba. Ukingo wa barabara ni kinga. Kama ilivyo kwa kinga yoyote, hauwezi kusifiwa wala kulaumiwa kabla ya kujulikana ni ugonjwa gani unaokusudiwa kuzuiwa, na kwa mgonjwa yupi.

Nishati ndiyo kisababishi

Kila ugonjwa una kisababishi chake. Malaria husababishwa na kimelea kinachobebwa na mbu. Kipindupindu husababishwa na bakteria anayebebwa na maji machafu. Majeraha ya ajali nayo yana kisababishi chake, nacho ni nishati ya mwendo. Gari ni kibebaji tu. Hoja hiyo ilienezwa sana na daktari wa Marekani, William Haddon, ambaye mwaka 1966 alikabidhiwa kuongoza chombo cha kwanza cha serikali ya nchi hiyo cha usalama wa barabara kuu. Mwaka 1970 aliandika makala akiifananisha nishati na simbamarara aliyetoroka. Kwa fikra hiyo, watu wanaweza kuepushwa naye kwa njia nyingi: kutomfuga kabisa, kumpunguza nguvu, kumtenga nao kwa muda au kwa nafasi, au kuweka kizuizi kati yake na wao. Ukuta wa katikati ya barabara ni njia hiyo ya mwisho.

Nishati ya mwendo haiongezeki sambamba na kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa lina nishati sawa na ile ambayo lingekuwa nayo kama lingedondoka kutoka kimo cha mita 10, yaani takribani ghorofa ya tatu ya majengo ya Kariakoo. Kwa kilomita 80 kwa saa, kimo hicho hufika mita 25. Kwa kilomita 100, hufika mita 39, ambacho ni kimo cha jengo la ghorofa zaidi ya kumi. Dereva aketiye kwenye kiti laini, vioo vimefungwa na redio inaimba, hahisi kwamba yuko juu kiasi hicho.

Gari linaposimama ghafla, migongano hutokea mara tatu kwa mfuatano. Kwanza gari hugonga kitu. Kisha mwili wa abiria, ambao bado unakwenda kwa kasi ileile, hugonga usukani, dashibodi au mkanda. Mwisho, viungo vya ndani hugonga kuta za mwili vinamokaa. Ubongo huligonga fuvu, na nyuzi zake nyembamba za neva huvutwa na kukatika. Ini na wengu hupasuka. Aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, huweza kuchanika mahali ulipojishikiza karibu na uti wa mgongo, na wengi wanaopatwa na hayo hufariki kabla ya kufika hospitali. Majeraha ya mgongano huo wa tatu ndiyo yanayowahangaisha madaktari wa dharura kupita mengine, kwa kuwa mgonjwa huweza kuongea na kujibu maswali huku damu ikijikusanya ndani ya tumbo lake.

Kwa hiyo jambo la kuuliza si ugumu wa kitu kilichogongwa peke yake. La kuuliza ni kasi kiasi gani imepotea, na kwa muda gani.

Ugonjwa unaotibiwa na ukuta

Ajali ambayo ukuta wa kati umebuniwa kuizuia ni moja: gari kupoteza mwelekeo, kuvuka katikati na kuingia upande wa magari yanayokuja. Tairi hupasuka, dereva husinzia, barabara huteleza kwa mvua, au dereva hukwepa kitu ghafla. Katika barabara isiyo na kizuizi, sekunde moja au mbili hutosha.

Matokeo yake yanaweza kukokotolewa kwa hesabu ya shule ya sekondari. Magari mawili yenye uzito sawa, kila moja likienda kilomita 80 kwa saa, yakigongana uso kwa uso, kila moja hupoteza kilomita zake 80 papo hapo. Lakini magari hayana uzito sawa. Gari dogo la tani 1.2 likigongana na basi la tani 12, yote kwa kasi hiyohiyo, basi halisimami. Huendelea mbele na kulirudisha gari dogo lilikotoka. Badiliko la kasi kwa walio katika basi ni takribani kilomita 15 kwa saa. Kwa walio katika gari dogo ni takribani kilomita 145 kwa saa. Mkanda na mfuko wa hewa huokoa wengi katika ajali za kasi ya kawaida, lakini mwili wa binadamu hauwezi kutarajiwa kuhimili badiliko la kiasi hicho.

Sasa gari lilelile dogo, kwa kasi ileile ya kilomita 80, lizuiwe na ukuta katikati ya barabara. Gari lililokuwa likienda sambamba na ukuta haliugongi uso kwa uso. Huukwangua kwa ubavu. Likiugusa kwa pembe ya nyuzi 10, sehemu ya mwendo wake inayoelekea ndani ya ukuta ni takribani kilomita 14 tu kwa saa. Sehemu iliyobaki, karibu kilomita 79, huendelea sambamba na ukuta na kupunguzwa polepole kwa breki na msuguano. Kati ya kilomita 145 na kilomita 14 kuna tofauti ya mara kumi. Katika hali nyingi hiyo ndiyo tofauti kati ya maiti na mgonjwa anayepigwa picha ya eksirei na kurudi nyumbani.

Hilo ndilo jibu la swali la mwamba. Ugumu wa zege hudhuru zaidi kadiri pembe ya mgongano inavyokuwa pana, na katika barabara yenye eneo jembamba la katikati pembe haipati nafasi ya kupanuka, kwa sababu gari liko karibu na ukuta tangu mwanzo. Mahali ambapo eneo la katikati ni pana, gari hupata nafasi ya kugeuka zaidi kabla ya kufika kwenye kizuizi. Kwa pembe ya nyuzi 20 kasi ya kuelekea ukutani huwa kilomita 27, na kwa nyuzi 30 hufika kilomita 40. Hapo kizuizi kinachopinda huwa na faida kubwa zaidi.

Umbo nalo ni sehemu ya tiba

Ukuta wa zege wa barabarani si ukuta wa ua. Umbo maarufu kuliko yote lilikuzwa jimboni New Jersey, Marekani, kuanzia miaka ya 1950. Kuta za kwanza zilikuwa fupi. Zilirefushwa kwa kutazama yaliyotokea barabarani, na kufikia mwaka 1959 kimo chake kilikuwa kimefika sentimita 81. Sehemu yake ya chini imelazwa kama mteremko mkali, na sehemu ya juu karibu isimame wima. Gari likiugusa kwa pembe ndogo, tairi hupanda kidogo juu ya mteremko ule, uzito wa gari huinuliwa, na gari hurudishwa taratibu katika njia yake, mara nyingine bila bodi kuguswa. Nishati ambayo ingevunja mbavu hutumika kuliinua gari.

Baadaye ilionekana kwamba mteremko huo ukianzia juu mno, magari madogo huweza kupanda kupita kiasi na kupinduka. Maumbo yaliyofuata yaliushusha mteremko huo, na huko Ulaya ulitokea ukuta wenye kidato kidogo chini, wenye kimo cha sentimita 90. Dawa hii nayo ilirekebishwa kipimo chake kadiri madhara yake yalivyojulikana.

Chuma kinahitaji nafasi

Ukingo wa chuma hufanya kazi kwa kukubali kuharibika. Nguzo zake hulala, utepe wake wa bati nene hunyooka, na kishindo hugawanywa katika muda mrefu zaidi. Kwa abiria wa gari dogo, hilo ni jambo jema. Viwango vya Ulaya hupima ukali wa kishindo kwa abiria na kuupanga katika madaraja matatu, A, B na C, A likiwa la upole kuliko yote. Kingo nyingi za chuma zinazopinda hupata daraja A, ilhali kuta za zege kwa kawaida huwa katika B, na nyingine katika C. Ukweli huo haufichwi na wahandisi: anayegonga zege hupata kishindo kikali zaidi kuliko anayegonga bati.

Lakini ukingo unaopinda lazima upindie mahali fulani. Ukisogea mita moja au zaidi katika eneo la kati lenye upana wa mita mbili, gari lililougonga huwa tayari limechungulia upande wa pili. Uzito nao ni tatizo. Majaribio ya kawaida ya kingo za chuma nyepesi hufanywa kwa gari la tani 1.5 linalokwenda kilomita 110 kwa saa kwa pembe ya nyuzi 20. Ukingo unaofaulu jaribio hilo haukuahidi kulizuia basi. Kwa basi kuna jaribio jingine, la tani 13 kwa kilomita 70, na kwa malori makubwa kuna majaribio ya tani 30 na tani 38 kwa kilomita 65. Chuma kinaweza kuundwa kifaulu majaribio hayo pia, ila kwa nguzo nyingi na mihimili mizito, na wakati huo upole wake umepungua. Ukuta wa zege hufikia viwango hivyo vya juu ukiwa katika nafasi finyu na bila kusogea sana.

Yupo na mtu wa tatu ambaye hesabu za magari humsahau: mwendesha pikipiki. Akianguka na kuteleza lami, hupita chini ya utepe wa chuma na kukutana na nguzo. Nguzo ni nyembamba, na nishati yote hukusanyika mahali pamoja, begani, shingoni au pajani. Huko ndiko hutoka majeraha ya kukatika viungo. Ukuta wa zege hauna nguzo, na anayeteleza sambamba nao hukutana na uso mmoja ulionyooka. Hautoi usalama kamili, kwani mwili uliorushwa ukutani huvunjika, lakini mahali palipojaa bodaboda tofauti hiyo haipaswi kupuuzwa.

Gharama zinazokuja baada ya ajali

Mwezi Januari 2005 mamlaka ya barabara kuu ya Uingereza iliagiza kwamba kingo mpya za kati katika barabara za kasi zenye magari zaidi ya 25,000 kwa siku ziwe za zege, na ziwe na uwezo wa kudumu miaka isiyopungua 50. Uamuzi huo haukutokana na kuzuia malori peke yake. Ukingo wa chuma ukigongwa mara moja, kipande hicho hakina kazi tena hadi kibadilishwe, na anayegonga siku ya pili hakuti kinga. Ili kukibadilisha, njia ya kasi hufungwa, foleni hutanda, na mafundi husimama mita chache kutoka kwenye magari yanayopita. Ukuta wa zege, baada ya ajali nyingi, hubaki na alama za rangi na matairi tu. Hivyo kinga ya abiria ikawa pia kinga ya wafanyakazi, na hilo ni suala la afya mahali pa kazi.

Afrika Mashariki ina sababu ya ziada. Chuma cha barabarani kina soko. Kingo za vyuma, alama za barabarani na vyuma vya madaraja hung'olewa usiku na kuuzwa kama chuma chakavu, Tanzania na Kenya pia. Ukingo uliobaki na pengo huwa hatari kuliko kutokuwapo kabisa, maana ncha yake iliyo wazi huweza kulichoma gari kama mkuki. Zege halina mnunuzi wa namna hiyo.

Kwa sababu hizo zote, barabara inayopitisha magari mengi mazito kwa kasi, yenye eneo jembamba la katikati na isiyo na watu wanaovuka, inastahili ukuta wa zege. Barabara ya kulipia inayokusudiwa kujengwa kutoka Kibaha kuelekea Chalinze na Morogoro ni mfano wa mahali ambapo dawa hii inaendana na ugonjwa.

Kariakoo: mgonjwa mwingine

Mambo hubadilika kabisa barabara inapofika makutano ya Fire. Jina lenyewe la Kariakoo limetoka kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na hadi leo mtaa huo ni wa watu wanaobeba. Katika Msimbazi, Uhuru, Lumumba, Kongo na Mkunguni, wenye magari ni wachache kuliko wenye miguu. Mteja huvuka mtaa mara kumi kwa siku, mchukuzi huvuka mara hamsini. Wamachinga hupanga bidhaa pembezoni, na mtembea kwa miguu aliyekosa nafasi huko hushuka barabarani.

Hapa ajali ya kuogopwa zaidi si gari kuvuka katikati na kugongana na lingine; mwendo hauruhusu. Ajali ya kuogopwa ni gari na mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, kwamba zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki, na kwamba ajali hizo ndizo muuaji wa kwanza wa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29.

Majeraha ya mtembea kwa miguu nayo yana mpangilio wake. Gari dogo humpiga mguuni kwanza, likavunja mfupa wa ugoko au goti, kisha hulala juu ya boneti na kichwa kikagonga kioo. Gari lenye uso bapa, kama daladala nyingi na mabasi ya mwendokasi, halimpandishi juu. Humpiga kifua na kichwa kwa wakati mmoja na kumwangusha mbele ya matairi. Kwa mtu huyu ukuta wa katikati hauna msaada wowote, isipokuwa ukimzuia asivuke. Na swali linalofuata ni hili: je, utamzuia?

Uzoefu wa Barabara ya Thika jijini Nairobi unatoa jibu. Barabara hiyo ya kilomita 50 hivi ilizinduliwa mwaka 2012 ikiwa pana na ya kasi, ikipita katikati ya makazi ya watu. Watembea kwa miguu walikufa wakivuka, madaraja ya juu yaliongezwa, na hata baada ya hapo wapo walioendelea kuruka vizuizi kwa kuwa daraja lilikuwa mbali. Mwenye haraka, mwenye mzigo kichwani na mwenye mtoto mgongoni hupima umbali kwa uchovu wake. Akiona kwamba ngazi ni ndefu kuliko hatari, ataruka.

Ukuta wa sentimita 90 mahali pa namna hiyo huleta hatari mpya. Mtoto wa miaka 6 ana kimo cha wastani cha sentimita 115 hivi. Nyuma ya ukuta huo huonekana kichwa tu, na dereva huweza kumtambua anapokuwa tayari amepanda juu. Mtu mzima aliyevuka nusu hukaa juu ya ukuta akisubiri upande wa pili, hana pa kuweka miguu. Mlemavu wa kiti cha magurudumu na mjamzito hawana njia kabisa. Nalo gari la wagonjwa linaloelekea Muhimbili, likikuta foleni, haliwezi kugeuka wala kuhamia upande wa pili hadi lifike penye uwazi.

Bonde la Jangwani lina somo lake pia. Mto Msimbazi umefurika mara nyingi na kuifunga barabara hapo. Ukuta mzima usio na matundu, ukiwekwa kuyakata maji njia yake, ni bwawa. Kwa hiyo hata pale zege linapofaa, lazima liachiwe nafasi za kupitisha maji.

Ndiyo maana mfumo wa mabasi yaendayo haraka, ulioanza kutoa huduma mwezi Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi yake ya Morocco na Gerezani, haukujengwa kama barabara ya kasi iliyozungushiwa kuta. Vituo viko katikati ya barabara, na abiria lazima wavifikie kwa miguu. Ukuta mrefu pembeni mwa njia ya mabasi ungemkata abiria na kituo chake. Kinachohitajika hapo ni kivuko chenye taa, dereva anayezitii, na bodaboda na bajaji zisizoingia katika njia ya mabasi.

Tiba ya mtaa ni kasi

Kama nishati ndiyo kisababishi, na mtu hawezi kutengwa nayo, njia inayobaki ni kuipunguza. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kasi ya wastani ikipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4. Na kwamba mtembea kwa miguu aliyegongwa na gari kwa kilomita 65 kwa saa ana hatari ya kufa mara 4.5 kuliko aliyegongwa kwa kilomita 50. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Azimio la Stockholm la mwaka 2020 lilikwenda mbali zaidi: pale magari na watu wanapochanganyika, ukomo uwe kilomita 30.

Dar es Salaam yenyewe imekwisha kuionyesha dunia mfano. Mradi wa SARSAI wa shirika la Amend hutengeneza mazingira ya barabara karibu na shule za msingi: njia za miguu, matuta, vivuko vya pundamilia, alama na vizuizi vidogo vya kuelekeza watoto mahali salama pa kuvukia. Ni vitu vya bei nafuu, na hakuna hata kimoja chenye sura ya fahari. Mwaka 2019 mradi huo ulipata Tuzo ya Ross ya Miji, inayotolewa na Taasisi ya Rasilimali za Dunia, ukishindana na miradi ya mabara mengine. Vizuizi vinavyotumika hapo havikusudiwi kusimamisha basi. Kazi yake ni kumwelekeza mtoto.

Mambo ya kuzingatia

Kwa wanaopanga na kujenga, ukuta wa zege uwekwe palipo na kasi, magari mazito na eneo jembamba la katikati, na uambatane na vivuko vilivyo karibu na mahali watu wanapovuka tayari. Ncha yake isiachwe wazi kama kisiki. Ishushwe taratibu au iwekewe kifaa cha kupokea kishindo. Matofali ya zege ya muda yanayopangwa kwenye maeneo ya ujenzi yaunganishwe kwa pini au minyororo imara, maana tofali moja lililosimama peke yake, likigongwa, husukumwa hadi kwenye njia ya wengine.

Kwa madereva, ukuta hulinda dhidi ya gari la upande wa pili tu. Hauwalindi dhidi ya gari lililo mbele yao, wala haumlindi asiyefunga mkanda.

Kwa wakazi na wafanyabiashara, anayenunua kipande cha ukingo kilichong'olewa amenunua kinga ya mtu mwingine. Na mahali ambapo watu wengi wanaruka kizuizi kila siku pasiachwe pakazoeleka. Pataarifiwe serikali ya mtaa, kwa kuwa ni dalili kwamba kivuko kinahitajika hapo.

Daktari hampi kila mgonjwa dawa moja kwa sababu ilimponya aliyetangulia. Kutoka Kibaha hadi Kimara, mgonjwa ni abiria wa gari dogo anayekabiliwa na lori, na ukuta wa zege unaweza kumwokoa. Kutoka Fire hadi Gerezani, mgonjwa ni yule mama mwenye kapu la nyanya. Tiba yake ni kivuko kilicho karibu, taa zinazofanya kazi, na magari yanayokwenda polepole kiasi cha kumwezesha dereva kusimama kabla ya kumfikia.